Tonge linagoma kushuka, kumbe ni mshipa

Mwezi huu barua za kumeza zimekuja kwa mfululizo, sijui Tanga kuna nini, waja leo waondoka leo lakini matonge yenyewe hayaondoki. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu shida yenyewe haisikiki sana mitaani, na familia nzima imeshaingia vitani.

*Shikamoo Mama Tabibu. Mie nakaa Ngamiani hapa Tanga, nina miaka 46, watoto wanne, shughuli yangu ni vitumbua na chapati za alfajiri. Tatizo langu la zamani mpaka sijui nianzie wapi, nikila nyama au chapati kavu au mhogo wa kuchoma linafika hapa juu ya kifua linasimama, halishuki halirudi, mpaka nigugumie maji au niinuke nijinyooshe ndo linapita. Uji na wali wenye mchuzi mwingi haunisumbui. Miaka yote naambiwa vidonda vya tumbo, dawa za vidonda nimekunywa mpaka zimenichosha, shoga yangu akanambia nimetupiwa kitu nikaenda kwa fundi nikachanjwa, wapi. Mwaka huu imezidi, naona haya hata kula kwenye shughuli za watu. Mwanangu mkubwa akanipeleka hospitali nikapitishwa mpira wa kamera, wakasema umio, yaani njia ya chakula, msafi, hauna kidonda wala uvimbe, ila kuna mahali panadundadunda. Nikaenda Dar kupiga siti skani, majibu yanasema ateri ya mkono wa kulia imepita nyuma ya umio na inaukandamiza, na wakaandika jina disfajia lusoria. Daktari kasema nibadilishe ulaji kwanza, nirudi baada ya miezi sita. Sasa nyumbani ni vita. Kaka zangu wanataka nipasuliwe haraka wanasema mshipa utapasuka wenyewe, mama mkwe anasema ni kukuna nazi na kusukuma chapati kwa mkono wa kulia miaka yote, na binti yangu ana mimba anaogopa mtoto atazaliwa nao. Naomba unieleze taratibu, mie shule yangu ndogo. Mama Vitumbua, Ngamiani.*

Marahaba mwanangu, pole sana. Hilo jina disfajia lusoria maana yake ni kumeza kwa shida kwa sababu ya mshipa wa damu uliopita njia isiyo yake. Naanza na mama mkwe, kwa heshima zake zote: nazi haihusiki na chapati haihusiki. Huo mshipa ulikaa hapo kabla hujazaliwa, kabla mama yako hajaanza hata kukusikia ukicheza tumboni, maana mishipa mikubwa ya kifuani hupangwa kati ya wiki ya 4 na ya 8 ya mimba. Zile wiki mtoto anaota mishipa jozi kwa jozi, mingine inabaki na mingine inayeyuka, sasa ikiyeyuka sehemu ambayo ilitakiwa ibaki upande wa kulia, mkono wa kulia unatafutiwa damu kwa njia nyingine. Basi. Hakuna aliyekosea, si wewe si mama yako.

Ilivyo kwa watu wengi ni hivi. Moyo unatoa mshipa mmoja mnene, aota, unapanda juu halafu unajikunja kuelekea kushoto na kushuka. Pale kwenye mkunjo yanachomoza matawi matatu, la kwanza linagawanyika, nusu inakwenda mkono wa kulia na nusu shingo upande wa kulia, la pili linakwenda shingo upande wa kushoto, la tatu mkono wa kushoto. Kwako wewe matawi ni manne, na lile la mkono wa kulia ndo limekuwa la mwisho, limechomoza huko kushoto kabisa, sasa mkono wenyewe uko kulia, kwa hiyo mshipa hauna budi kukatiza kifua kwenda ng'ambo ya pili. Kwa watu kama 80 katika kila 100 wenye mshipa wa namna hii unakatiza nyuma ya umio kama wako, kwa waliobaki unapita kati ya umio na bomba la hewa, na wachache mbele ya bomba la hewa. Sasa fikiria, nyuma kuna uti wa mgongo ambao hausogei, mbele bomba la hewa, katikati umio laini ambao hauna mfupa, na mshipa unaodunda umeegemea hapo. Ni kama mpira wa kumwagilia maua ambao mtu kaukanyaga kwa kidole gumba: maji yanapita, kokoto haipiti. Ndo maana uji unashuka na nyama inasimama, na ule mdundo waliouona kwenye kamera ni mapigo yako mwenyewe.

Na usijione uko peke yako. Makadirio ya madaktari ni kwamba mtu mmoja hivi katika kila 100 anao, wengine wanasema hata karibu wawili. Jaza uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi ya Coastal, wamo humo wengi tu wanashangilia, wanakula mishikaki, na hawatajua mpaka wanazikwa. Wengi wenye mshipa huu hawasikii chochote maisha yao yote.

Utaniuliza, kama nilizaliwa nao mbona umenizidi sasa hivi? Swali zuri na ndo linawachanganya watu. Ujanani mshipa ni laini na umio nao ni laini, vinapishana. Umri ukisogea mshipa unakakamaa, pengine presha inaongeza, pengine pale mwanzo wake panatanuka kidogo, na umio nao unapoteza ule wepesi wake wa kujisogeza. Kwa hiyo watu wazima wengi dalili zinawakolea kwenye miaka ya 40 au 50 kama wewe.

Ugonjwa wenyewe si mpya, na wala hauna asili ya kichawi. Daktari mmoja Mwingereza, David Bayford, aliandika habari zake mwishoni mwa karne ya 18, za mwanamke aliyesumbuka kumeza miaka na miaka mpaka akafa amekonda, na ni baada ya kufa, mwili ulipofunguliwa, ndo mshipa ukaonekana umepita nyuma ya umio. Wakati ule hakukuwa na picha. Ikapita zaidi ya karne mpaka mwaka 1936 ambapo daktari wa Ujerumani, Burckhard Kommerell, aliutambua kwa eksirei kwa mtu aliye hai. Wewe umepigwa siti skani, umejua ungali unakaanga vitumbua, mshukuru Mungu kwa hilo.

Haya, tuje kwa kaka zako. Hofu ya kupasuka si ya kubeza lakini wameiweka pasipo pake. Mshipa ukiwa na unene wake wa kawaida tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa kawaida unakaa zake tu. Unaotiliwa wasiwasi ni ule ambao pale unapochomoza kwenye aota pamevimba kama kifuko, na hicho kifuko madaktari wamekiita kwa jina la huyo huyo Kommerell. Kikiwa kikubwa kinaweza kupasuka kweli, na hapo hata kama mtu anameza vizuri inabidi wakae chini wazungumzie kisu. Kwa hiyo chukua yale majibu ya siti skani, nenda nayo kwa daktari wako umuulize maswali mawili tu: je pale mwanzo pametanuka, na kama pametanuka ni milimita ngapi? Hiyo namba iandike kwenye daftari lako la kliniki. Ukirudia picha mwakani ndo mtajua kama inakua au imekaa pale pale. Nakwambia uandike kwa sababu najua karatasi za hospitali zinavyopotea, CD ya picha inaishia kwa watoto wanaiangalizia uso.

Lakini kuna jambo mie naliona kubwa kuliko kupasuka, na hapa naomba unisikilize. Mshipa kuonekana kwenye picha si ushahidi kwamba ndio unaokukwamisha. Nimeshasema wako wengi wanao na hawakwami. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akawa na mshipa huu na wakati huo huo ana asidi inayopanda imemchoma umio mpaka umekakamaa, au umio wake umelegea hausukumi chakula, au, Mungu apishe mbali, ana uvimbe. Akifanyiwa operesheni ya mshipa atatoka na kovu na kukwama kuko pale pale. Wewe nafasi yako ni nzuri kwa sababu kamera imeshapita na umio ni msafi. Kama hawajakufanyia kipimo cha kumeza dawa nyeupe ya beriamu huku wanapiga eksirei, uliza kama kinafaa. Kile kinaonyesha dawa inaposhuka inabonyezwa wapi, na kama pale inapobonyezwa ndo pale pale wewe unaposikia tonge limesimama, basi mshtakiwa amepatikana. Na kama una kiungulia useme, usikae kimya kwa sababu umechoka dawa za vidonda, wapo watu asidi ikitibiwa vizuri na kukwama nako kunapungua kwa kiasi kikubwa ingawa mshipa haujaguswa.

Ulaji. Daktari kakwambia badilisha halafu nadhani hakukueleza, maana ungeniambia. Tonge dogo. Nyama ikatwe ndogo ndogo na ipikwe mpaka ilainike, au isagwe. Chapati chovya kwenye mchuzi au chai, usile kavu ukiwa umesimama jikoni unahudumia wateja, na nakujua ndo unavyokula. Mhogo wa kuchoma uache, kula wa nazi uliorojeka. Samaki wa kupaka ruksa, miba itolewe kwanza. Kaa wima, kula polepole, shushia na maji kidogo kidogo kila baada ya matonge mawili matatu. Na kwenye shughuli za watu usione haya, kaa pembeni kula kidogo, atakayesema aseme. Watu wengi ambao dalili zao si kali wanaishi hivi miaka yote na hawapasuliwi. Jipime uzito kila mwezi. Uzito ukiwa umekaa pale pale na unakula, miezi sita ya daktari wako ni ushauri mzuri na mie namuunga mkono. Uzito ukianza kuteremka, au uji nao ukaanza kusimama, usingoje miezi sita.

Ikifika huko kwenye kisu, kinachofanyika ni kuukata ule mshipa pale unapotoka, kufunga mwanzo wake, halafu ule upande wa mkono unaunganishwa kwenye mshipa wa shingo wa kulia ili mkono uendelee kupata damu. Zamani walikuwa wanaufunga tu na kuuacha, mkono ukabaki na damu kidogo, wengine unawachoka na kupata ubaridi, ndo maana siku hizi wanaunganisha. Kwa baadhi ya wagonjwa inawezekana kwa mpasuo wa shingoni juu ya mtulinga bila kufungua kifua, kwa wengine hasa wenye kile kifuko lazima kazi kubwa zaidi, na pengine wanapitisha bomba la kuzibia ndani ya aota kwa kupitia mshipa wa paja. Si operesheni ya kila hospitali. Rufaa ikitoka Bombo, hospitali yetu ya hapa Tanga, kwa mambo ya mishipa mikubwa ya kifuani kawaida mtu anaelekezwa Muhimbili au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo pale pale Upanga, na kabla ya kukubali muulize daktari wa upasuaji bila woga, hii umeshafanya ngapi na kiharusi kinaweza kutokea kwa kiasi gani, maana wanagusa mshipa unaopeleka damu kichwani. Daktari mzuri hakasiriki akiulizwa.

Mambo mengine madogo ila usiyasahau, na mwanao mkubwa ayajue pia. Ukija kulazwa kwa shida yoyote wakataka kukuwekea mpira wa puani wa kulishia kwa siku nyingi, sema kwanza kwamba una mshipa huu, kwa sababu mpira ukikaa muda mrefu unaweza kusugua ukuta wa umio kwa ndani huku mshipa unabonyeza kwa nje, na ikatoboka, na damu ya pale haina mchezo. Ukija kufanyiwa operesheni ya tezi la shingo sema pia, kwa sababu kwa watu wa aina yako mshipa wa fahamu unaoendesha sauti upande wa kulia haupiti njia yake ya kawaida na daktari asiyejua anaweza kuukata. Na wakitaka kukupima mishipa ya moyo kwa kuingizia waya kwenye kifundo cha mkono, waambie wafikirie upande wa kushoto. Ukitapika damu hata kidogo, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Binti yako mwambie atulie. Mara nyingi mshipa huu haurithiwi, unatokea tu. Unaonekana zaidi kwa watoto wenye Down sindromu na baadhi ya wenye kasoro za moyo, kwa hiyo kliniki ataje kwamba mama yake anao, wakiangalia moyo wa mtoto kwenye ultrasaundi watazame na hapo, na hata wakiuona kwa mtoto ambaye kila kitu kingine kiko sawa si habari ya kumlilia.

Na fundi aliyekuchanja, kama wembe haukuwa mpya mbele ya macho yako, nenda ukapime homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Sikusemi, nakwambia tu.

*Mama Tabibu mambo vipi, mimi mvuvi wa Sahare, miaka 58. Mke wangu kanionyesha habari ya mshipa unaobana umio kwenye simu, nikasema ndo mimi huyu. Tangu mfungo uliopita nyama ilikuwa inakwama, baadae ugali, saa hizi hata wali, wiki hii uji mzito nao unasumbua. Suruali zote zimenipwaya. Sigara nimevuta toka kijana na kahawa yangu barazani naipenda ikiwa inachemka. Je huo mshipa naweza kuutibu kwa kula kidogo kidogo? Baba wa Sahare.*

Baba, sitakuzungusha. Yako haifanani na ya Mama Vitumbua hata kidogo. Yake imekaa miaka mingi inakuja na kwenda, na hakusema amekonda. Yako imeanza juzi na kila mwezi inapanda ngazi moja, kutoka nyama mpaka uji, na mwili unaisha. Mwendo huo kwa mtu wa umri wako anayevuta sigara, kitu cha kwanza kukitafuta ni saratani ya umio mpaka ithibitike kwamba haipo, na ukanda huu wetu wa Afrika Mashariki, kuanzia huko Kenya kushuka mpaka Malawi, unaugua saratani hii kuliko sehemu nyingi za dunia. Sigara inachangia, pombe inachangia, na hiyo kahawa inayochemka nayo imo: mwaka 2016 wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani ulisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kahawa yenyewe haina kosa, kosa ni moto wake. Iache ipoe kidogo, habari za barazani hazitakwisha.

Nenda Bombo wiki hii, si baada ya kuuza samaki wa bamvua. Sema maneno haya haya uliyoniandikia, hasa hilo la uzito, na uombe kipimo cha kamera ya umio na kuchukua kinyama. Kama una bima nenda na kadi, kama huna nenda hivyo hivyo uulize ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitali, lakini nenda. Kama ni uvimbe uliowahiwa kuna la kufanya, na hata ukiwa umechelewa kidogo kuna bomba la kuzibua njia ili mtu ameze, kuna mionzi pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, mtu hakai nyumbani akafa na njaa. Na inaweza ikawa siyo saratani, nimeona waliokakamaa umio kwa asidi wakatanuliwa wakarudi kula ugali wao. Ila kuotea sio kazi yako wala yangu. Mkeo aende na wewe, nyie wavuvi mkiambiwa rudi Jumatatu hamrudi.

*Shikamoo mama. Mjukuu wangu ana miezi mitano, tupo Pongwe. Tangu kazaliwa anapumua kwa mlio kama anakoroma, akinyonya mlio unazidi, anasimama kunyonya anahema, na akilala anapenda kurudisha kichwa nyuma sana. Kifua kimeshambana mara tatu. Wazee wa hapa wanasema ana kimeo akakatwe. Mama yake hataki, baba yake anataka. Nisaidie niwaambie nini. Bibi wa Pongwe.*

Marahaba bibi mwenzangu. Waambie kimeo kisiguswe. Kimeo kiko nyuma ya mdomo na shida ya mtoto ipo chini zaidi, ukikikata hujaigusa kabisa, unachokipata ni mtoto kutoka damu, kidonda kuoza, na wembe usiojulikana umepita wapi, watoto wameletwa wodini na pepopunda na upungufu wa damu kwa ajili hiyo hiyo. Mama wa mtoto yuko sahihi, msimame naye.

Watoto wengi wenye mlio wa namna hii ni koo la hewa limezaliwa laini mno, linajifunga kidogo akivuta pumzi, na wengi linakomaa lenyewe kabla ya miaka miwili. Lakini huyu wako mie ananitia shaka kidogo kwa vitu vitatu ulivyovitaja pamoja: mlio unazidi akinyonya, kurudisha kichwa nyuma, na kifua kubana mara kwa mara. Hapo lazima mtu afikirie pia mishipa, kwa sababu kuna watoto wanazaliwa aota yao imegawanyika mbili ikazunguka bomba la hewa na umio kama pete, na mtoto kwa kuwa bomba lake la hewa ni laini anabanwa pumzi kabla hajabanwa chakula, kinyume cha sisi watu wazima. Akirudisha kichwa nyuma anajitafutia nafasi, hajifurahishi. Pete ya namna hiyo inakatwa na mtoto anapona, tangu mwaka 1945 daktari Robert Gross wa Boston huko Marekani alishaikata kwa mtoto, sio jambo la kubahatisha.

Mpelekeni kwa daktari wa watoto Bombo na mtaje hivyo vitatu, waombe eksirei ya kifua na kipimo cha moyo cha eko kama kuanzia. Mama amrekodi kwa simu mtoto akiwa ananyonya, hiyo video inasema zaidi kuliko maelezo, maana akifika mbele ya daktari atalala kimya kama malaika. Ila akigeuka bluu midomo, akikata pumzi hata kwa sekunde chache, au mbavu zikiingia ndani anapohema, msingoje miadi, chukueni bodaboda au gari yoyote muende usiku huo huo.

*Dokta mimi mwanafunzi wa chuo nipo Chumbageni miaka 21 nahisi kitu kama donge kooni muda wote lakini nikila linapotea chakula kinashuka freshi tu, imeanza wiki ya mitihani, nimegugo nimeona magonjwa ya kutisha silali, je ni huo mshipa? Binti.*

Mwanangu, simu weka chini kwanza. Donge ambalo lipo usipokula na linaondoka ukila mara nyingi halina uhusiano na mshipa wala uvimbe, kitu kinachobana umio kinasumbua wakati wa kumeza, hakisubiri umalize sahani. Yako inaitwa globasi, inakuja na wasiwasi, kukosa usingizi, asidi inayopanda, na kule kumezameza mate kila dakika kujaribu kama bado lipo, ambako kunalikuza. Kunywa maji badala ya kumeza mate, punguza chai nyeusi na soda usiku, kula masaa mawili matatu kabla ya kulala. Mitihani ikiisha na lenyewe mara nyingi linaisha. Likibaki zaidi ya wiki chache, au chakula kikaanza kukwama, sauti ikakauka, ukakonda, uvimbe ukaonekana shingoni, nenda ukaonekane.

*Mama Tabibu, mwiba wa changu umenikaa kooni toka jana, nimemeza matonge makubwa ya ugali na ndizi kama tulivyofundishwa, bado unachoma. Niendelee? Wa Makorora.*

Acha hapo hapo. Hilo tonge linaweza kuusukuma mwiba uingie ndani ya nyama ya umio, na karibu na umio kuna mishipa mikubwa, nimeeleza hapo juu. Leo nenda hospitali waangalie koo kwa taa na kamera, usile kitu kigumu njiani, na ukiona homa, maumivu ya kifua, shingo kuvimba au mate hayashuki, basi ni dharura, sema hivyo mlangoni usipange foleni.